Kipini cha Bastola ya Bwana wa Minazi

Watu wa umri wangu hupenda kusema wamesamehe. Mimi sijasamehe. Yule Mzungu aliyekuwa na shamba la minazi karibu na Diani, kama yu hai popote alipo, namtakia mkono wake wa kulia utetemeke mpaka ashindwe kushika kijiko.

Miaka ya hamsini nilikuwa seremala Msambweni. Nilitengeneza milango, vitanda, mbuzi za kukunia nazi, na vipini vya kila kitu kinachotaka kipini. Siku moja yule Mzungu alisimamisha gari mbele ya kibanda changu, akashuka na bastola mkononi, na wateja wangu wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau. Mtu mweusi kuonekana karibu na bastola lilikuwa jambo la kumpeleka jela. Lakini ile haikuwa ya kuulia mtu. Ilikuwa ya mashindano. Wazungu wa pwani walikuwa wakikutana Jumapili kwenye timbo la mawe lililoachwa, wakilenga karatasi zenye duara, na mshindi akipewa kikombe.

Alitaka kipini kipya cha mbao, kilichochongwa kwa kipimo cha mkono wake. Nilimwuliza kwa nini asinunue tu bastola nyingine. Akacheka.

"Duka ya Mombasa nauza moja shilingi mia tano," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Nauza ingine elfu tatu. Chuma ile ile, kiwanda ile ile. Wewe najua sababu?"

Nikamwambia sijui.

"Sababu ni fundi. Ile ya mia tano natosha kila mtu kidogo. Ile ya elfu tatu natosha mtu moja tu, kabisa."

Nasema kweli, maneno hayo niliyapenda. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba saa zangu za kupiga tupa na msasa zina thamani kuliko chuma. Ndiyo maana nilikubali kumfanyia kwa shilingi thelathini, na ndiyo maana nilijitoa kwa moyo wote.

Nilichukua kipande kikavu cha mbambakofi, mti mgumu wa pwani. Mke wangu alinikwangulia masizi ya chini ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikampaka yule bwana kiganja chote mpaka kikawa cheusi kuliko changu. Kisha akashika kipini kama anavyoshika anapolenga, akaachia. Kila palipoingia weusi, mbao ilikuwa inamsukuma. Nikaparuza hapo, nikampaka tena, akashika tena. Ndivyo tunavyopatanisha mlango na fremu yake, ila mlango haulalamiki kwamba una kiu. Alikuja mara kumi na moja. Kwa kuwa bastola haikuruhusiwa kubaki kwangu, alikaa kwenye kigoda akanitazama, na akiondoka aliondoka na chuma chake, kipini nikabaki nacho. Mara ya mwisho weusi ulienea sawasawa kila mahali. Alifumba macho, akakishika, akanyoosha mkono kama analenga. Nilijua nimeipata.

Baada ya miezi miwili aliniita timboni nikamtengenezee fremu za kuwambia karatasi za shabaha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mpishi wake; alikuwa pale akihudumia wageni, na alikijua Kiingereza vizuri. Wageni walizunguka meza yenye bastola tatu, wakiulizana bei. Mmoja wao, mtu mrefu kutoka Mombasa ambaye kila mwaka alikuwa wa pili au wa kwanza, aliinyanyua ile yenye kipini changu. Aliigeuza polepole, akapitisha kidole gumba kwenye kila mkunjo. Halafu akauliza kitu.

"Auliza ni nani aliyekichonga," shemeji akaninong'oneza. "Asema hajapata kuona kazi kama hii. Ataka naye atengenezewe, bei yoyote."

Nilikuwa hatua tano kutoka pale, nyundo mkononi. Nililinyoosha shati langu. Yule bwana akanitazama, akatazama kando, akajibu.

"Yuwasema nini?" nikauliza.

Shemeji hakutaka kunitazama. "Asema ni bingwa mmoja Ulaya. Asema alipeleka kipimo cha mkono kwa barua, na kilimgharimu shilingi elfu mbili."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakavuma. Shilingi hazikuniuma sana. Mara kumi na moja nilimshika mkono mtu yule, nikakijua kiganja chake kuliko mkewe anavyokijua, naye akashindwa kuninyooshea kidole tu. Nikapigilia misumari yote iliyobaki, nikaenda zangu, na kuanzia siku hiyo nikawa nafanya kazi kimyakimya nikimngoja.

Akajileta mwenyewe. Bastola ilimponyoka ikaanguka juu ya jiwe, kipini kikapasuka vipande, na mashindano makubwa ya mwaka yalikuwa yamebaki wiki tatu. Alikuja kibandani amenywea. Aliniita "fundi wangu". Nikamkaribisha, nikamwekea kigoda, mke wangu akaleta masizi.

Nilimchongea kipini kizuri kama kile cha kwanza. Alipokijaribu mara ya mwisho alitabasamu, akaniachia nikipake mafuta. Alipoondoka tu nikachukua kisu, nikaondoa pale chini ya shina la kidole gumba unyoya mmoja wa mbao, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mbao haiongezeki. Ukiisha kuondoa umeondoa. Nilijua kwamba risasi za mwanzo hataona tofauti, ila mkono ukianza kutoa jasho na kuchoka, bastola itamteleza kidogo, na kila akiirudisha itarudi mahali pengine. Nilifurahi nilipokuwa nakata. Sitadanganya, nilifurahi sana.

Siku ya mashindano nilikuwa pale kubadilisha karatasi, na nilizisoma kama mtu asomaye barua ya mapenzi. Nusu ya kwanza matundu yake yalirundikana katikati. Kisha yakaanza kutawanyika. Moja kushoto, moja chini, moja nje ya duara kabisa. Alifuta kiganja kwenye suruali. Alibadilisha alivyosimama. Uso wake ukawa mwekundu kama pilipili, nami nikamwombea Mungu ampe risasi nyingine aikose. Alimaliza wa sita. Kikombe kilichukuliwa na yule mrefu wa Mombasa.

Hapo ndipo akanigeukia. Mbele ya watu wote, wake zao na wapishi wao, alininyooshea kidole, akalitaja jina langu na la baba yangu, akaitaja Msambweni, akaitaja hata kazi yangu ya milango. Hakuwahi kulitamka jina langu vizuri kama siku ile.

"Awaambia kile cha Ulaya kilivunjika, na hiki ni kazi yako," shemeji akasema, ingawa sikuhitaji kuambiwa.

Yule mrefu akaja akaichukua bastola. Akapitisha kidole gumba kwenye kila mkunjo, polepole, kama alivyofanya mara ile, mpaka akafika chini ya shina la kidole. Akasimama hapo. Akanitazama usoni, bila hasira, kama mtu aliyevunjika moyo kidogo, akairudisha mezani. Kisha akamwuliza yule bwana wa minazi jambo, akatoa kalamu na kikaratasi.

"Asema nini?" nikauliza.

"Aomba anwani," shemeji akanijibu. "Ya yule bingwa wa Ulaya."

Nilifungua mdomo niseme kwamba hata kile cha kwanza nilikichonga mimi. Bastola ilikuwa pale mezani mbele yetu, na kazi yangu pekee waliyoweza kuiona ni ile niliyoiharibu mwenyewe. Nikainama nikaokota karatasi za shabaha.