Vidole Vilikatwa Kitale, Harambee Ikaitishwa Bokoli

Ukurasa huu nausoma kila mara, na leo naomba mfiche jina langu na la kiwanda. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Shamba langu lilikuwa kwenye mteremko wa Mlima Elgon, upande wa kwenda Suam, mpaka tulipofukuzwa miaka mingi iliyopita. Tangu hapo naishi Kitale, katika chumba kilicho nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao ambako mimi ni karani wa mahudhurio. Chumba ni cha mwajiri wangu. Kumbukeni hilo mnaponishauri.

Mwezi uliopita msumeno ulimkata mwenzetu, nitamwita Wekesa, vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilikuwa karibu, na mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa shati langu. Msumeno ule ulikuja na kifuniko cha chuma, lakini kilitolewa kwa sababu kinachelewesha kazi. Kimetundikwa ukutani mpaka leo, na watu huning'iniza makoti yao hapo.

Kiwanda kina bima ya wafanyakazi. Nilidhani taarifa itapelekwa na Wekesa atalipwa fidia yake. Badala yake mkubwa aliniita ofisini, akaniagizia chai.

"Mzee, wewe umesoma, utanielewa," alisema. "Hawa watu wa bima, kila mwaka nikienda kulipa upya, wanaangalia nyuma. Nani aliumia, walimlipa nini. Nilipeleka madai ya yule wa mguu, ada ikapanda, na haijashuka mpaka leo. Nikipeleka na hii, wataniona mimi ni hasara tu. Nitafunga kiwanda, na nyinyi wote mrudi nyumbani."

"Mimi sina nyumbani pa kurudi," nikamwambia.

"Si ndio maana nakwambia wewe kwanza, bana."

Mpango wake ni harambee nyumbani kwa Wekesa, Bokoli, Jumamosi hii. Yeye awe mgeni wa heshima, mimi niwe mwenyekiti, kwa kuwa watu wa huko wananiheshimu. Niwaeleze kwamba Wekesa alijikata akipasua kuni nyumbani siku ya mapumziko. Ndivyo tunavyofanya siku hizi mtu akiumia: tunachanga, mkubwa anatoa kuliko wote, tunapiga makofi, anafungiwa kuku wa shukrani arudi naye Kitale. Kule kwenye bima, mwaka unahesabiwa kwamba hakuna aliyeumia. Sijasikia mtu akiuliza kwa nini mwenye deni ndiye anayeshukuriwa.

Nilimwambia sibishi, ada hupanda baada ya madai. Lakini bima hutazama nyuma ili kukisia mbele. Rudisha kifuniko kile, miaka ipite bila mtu kuumia, ndipo utakuwa na neno la kuwaambia washushe ada yao. Alicheka.

"Kifuniko hakipasui mbao, mzee." Kisha, akikoroga chai yake, akasema kwamba anafikiria kugeuza chumba changu kuwa stoo.

Mimi nalijua jambo hili kutoka zamani. Tulipofukuzwa, wakubwa wa serikali walituletea blanketi na unga uwanjani tulikokimbilia. Tuliimba, tukapiga makofi, na habari ya mashamba yetu ikaishia hapo. Blanketi langu lilichakaa zamani. Shamba bado lipo, na mtu mwingine analivuna.

Ningekuwa nimeshamaliza kuamua, ila Jumapili mke wa Wekesa alinifuata nje ya kanisa.

"Baba, nasikia unataka kukataa."

"Nataka mumeo apate haki yake, mama."

"Hiyo haki inakuja lini? Mkubwa ameahidi kumweka mlinzi wa lango. Ati ukisema yako, hakuna lango, hakuna harambee. Ukweli wako utatupikia ugali?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

Alitazama chini. "Haongei. Asubuhi alishindwa kufunga kamba za viatu, nikataka kumsaidia, akavua, akaenda na patipati za mpira."

Jumamosi nitashuka Bokoli. Nitakaa kiti cha mwenyekiti kama nilivyoombwa, na nikipewa nafasi nitasema vidole hivi vilikatwa Kitale, kazini, saa za kazi, na shati lililofunga mkono ule lilikuwa langu. Nitasema pia kifuniko kimetundikwa wapi. Vitu vyangu nimeshavifunga. Si vingi, na nimezoea kuhama.

Kwa hiyo ndugu zangu, msinishauri ninyamaze, hilo limepita. Nishaurini hili moja: mama yule atakuwa ameketi mbele, kuku wa mgeni amefungwa miguu karibu naye, akinitazama. Kabla sijafungua mdomo, nimwambie nini?