Dereva Aliyeponya Taa ya Oili

Juma lililopita nilipanda pikapu kuukuu pale Rwekubo, nikimpeleka mwanangu mwenye homa Mbarara. Daktari wa huko huondoka saa saba mchana. Nilikaa mbele, karibu na dereva. Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Askari aliyepanda nyuma akaiona kupitia kioo, akagonga paa.

“Dereva, simama! Pima oili kwanza!”

“Afande, oili iko. Hii taa inadanganya tu, gari ni mzee.”

Dereva akapenyeza mkono chini ya dashibodi, akang'oa waya. Taa ikazimika. Akanigeukia akitabasamu. “Unaona, mama? Imepona.”

Naona haya kubishana na watu, nikamfunika mwanangu kanga. Baada ya mlima mmoja injini ikagonga kwa kishindo, ikafa. Askari akashuka, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye shati jeupe la dereva. Hakikuacha hata doa.

“Lakini taa ilizimika!” dereva akalalamika.

Lori la ndizi za matoke lilitufikisha saa tisa, daktari ameshaondoka. Mwanangu alitibiwa kesho yake. Dereva yule angekuwa daktari, angemziba mtoto mdomo asilie, kisha angeniambia homa imekwisha.