Kibuyu Kitupu cha Verediana

Ukungu haujapanda kutoka mtoni, na Verediana tayari amepiga magoti mbele ya mtungi wake wa pombe hapa Katindiuka, pembezoni mwa Ifakara. Anachovya kidole, anakilamba, anatikisa kichwa.

"Siyo," anasema.

Ndivyo anavyosema kila apikapo tangu vita vya Majimaji viishe. Kisha anachuja na kuwauzia wavuvi na wapagazi, ambao huisifu pombe hiyo mpaka wanalala njiani. Kata moja huuzwa pesa mbili, na chumvi ya nyumba haikosekani. Kinachokosekana ni chachu ya mama yake.

Chachu ni masimbi yanayobaki chini pombe ikichujwa. Hayo ndiyo yanayotiwa kwenye pombe mpya ili ichemke. Nyumbani kwao yaliwekwa katika kibuyu kisichooshwa kamwe, bibi akampa mama. Hayauzwi wala hayaombwi. Hupokewa kwa mkono, na mpokeaji ni binti mdogo. Binti huyo alikuwa Digna.

"Mimi mkubwa nilipewa jembe," Verediana anasema na kucheka kidogo. "Nililia siku nzima. Digna akanionyesha ulimi!"

Vita vilipofika bondeni, askari walichoma ghala za mpunga, kana kwamba mpunga ndio uliorusha mikuki. Watu wakatawanyika. Verediana aliingia mtumbwini akajificha kwenye matete. Digna alishika njia ya milima ya Udzungwa, kibuyu kikiwa mgongoni kama mtoto. Baada ya hapo ikaja njaa. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake.

Verediana alikwisha anza kumhesabu mdogo wake pamoja na wafu. Kisha akaja Kelestini, kijana anayemtumikia daktari Mjerumani aliyepiga hema Ifakara kuchunguza damu za watu. Siku moja alikunywa kata mbili akatangaza mbele ya wateja:

"Mama, pombe yako imejaa viumbe hai!"

"Mwana mkosa adabu! Unataka nife njaa?"

"Shikamoo kwanza, mama yangu, usinipige. Njoo uone mwenyewe."

Alimpeleka hemani, akadondosha pombe kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya darubini. Verediana alifumba jicho moja. Aliona vitu vya mviringo, vingi kama mayai ya samaki. Kimoja kilikuwa na kidogo kimeng'ang'ania ubavuni.

"Huyu amembeba mwanawe," alisema.

"Ndivyo wanavyozaa. Mtoto huota ubavuni mwa mama. Akikomaa, wanaachana."

Kelestini alimweleza aliyoyasikia kwa daktari: kwamba wadogo hao wakikaa chombo kimoja vizazi kwa vizazi, wasioweza maisha ya chombo kile hufa, wanaoyaweza hubaki wakazaa, mpaka ukoo mzima unakuwa na tabia yake.

"Kwa hiyo wa mama yangu si hawa?"

"Ni ndugu wa mbali. Lakini kwa macho sitaweza kukutenganishia, mama. Hapa wote wanafanana."

Tangu siku hiyo Verediana hakulala vizuri. Kama chachu ni ukoo ulio hai, basi lazima iwe na anayeilisha.

Mwezi uliopita, mvua zikiwa zimeanza, mpagazi aitwaye Hermenegildi aliwasili kutoka Sanje, chini ya milima ileile. Alikuwa na kibuyu cha pombe ya safari. Kwa mzaha akamwonjesha mpikaji: "Kunywa, dada, ujue wenzako wanavyopika."

Ilianza kwa uchungu, ikaishia na harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, ingawa ndani yake hamkuwa na ndizi hata moja. Ndiyo ladha ya pombe ya mama yake. Verediana aliketi chini.

"Nani ameipika?"

"Mwanamke mmoja mgeni. Alikuja wakati wa vita. Wanamwita Mama Tadei. Mkali huyo! Nilimwomba masimbi nimpelekee mke wangu, akanifukuza na mwiko."

Verediana alicheka, halafu akalia, mpagazi asijue ashike lipi.

Ndani ya kibuyu, chini kabisa, masimbi yalikuwa yamebaki. Kelestini, aliyekuwepo, aliruka: "Mama, yaweke! Kesho una pombe ya mama yako!"

Verediana alikishika kibuyu kwa muda mrefu, akakinusa. Kisha akamrudishia Hermenegildi.

"Nikiyachukua nitakuwa na pombe," alisema. "Nitajiambia inatosha. Digna ndiye wa kunipa."

Huenda Mama Tadei si Digna. Huenda Digna alimpa mwingine chachu kabla ya kufa. Verediana analijua hilo, na akiulizwa hugeuka kukoroga mtungi.

Mto sasa umefurika, na mabonde ya njiani hayapitiki. Maji yakipungua ataondoka. Amekwisha kausha samaki wa njiani, na jirani yake Balbina atamwangalizia mitungi.

Ukutani amening'iniza kibuyu kipya, kikavu, mdomo wazi. Wateja humtania wakiuliza kwa nini hakitumii.

"Hicho kina mwenyewe," huwajibu. "Nitampelekea akijaze. Na safari hii akinionyesha ulimi, nitamwonyesha wangu."