Siku Nyieka Alipoacha Karata

Mimi na nyieka, yaani mke mwenzangu, tunacheza karata kila Jumapili tukitoka kanisani. Watu wa kanisa wanajua na hawapendi. Mzee wa kanisa alikuja mara moja kutuonya, akatukuta na mabakuli mawili ya njugu, akauliza pesa ziko wapi. Nyieka akamwambia akae, anyamaze, ale njugu. Akala.

Mchezo wenyewe tulifunzwa na marehemu mume wetu. Alikuwa mpishi wa wazungu waliotafuta dhahabu upande wa Migori, na jioni akishaosha vyombo walikuwa wakimwita ajaze kiti. Unapewa karata mbili, unazificha. Katikati zinafunuliwa tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na hizo ni za wote. Kila zinapofunuliwa unaweza kuweka dau, na mwenzako akiweka unaweza kumwongezea. Lakini dau letu limefungwa. Ni njugu mbili mwanzoni, na njugu nne kwa zile karata mbili za mwisho. Huwezi kusukuma bakuli lote mbele ili umtishe mtu. Wale wa kwenye televisheni wanafanya hivyo, sisi hapana.

Kwa hiyo kuongeza kwa ujanja, mkononi huna kitu, ni jambo la kufikiria kwanza. Mume wetu alikuwa akisema jiulize inakununulia nini. Mapema, dau likiwa dogo, inaweza kukununulia karata ya bure: unaongeza, mwenzako anaingiwa na wasiwasi, na dau likishakuwa kubwa anapita bila kuweka. Na wewe unapita, karata ya mwisho unaiona bila kulipa. Huo ujanja ni mzuri. Ukiufanya mwishoni ni hasara tupu. Katikati pameshajaa njugu, na mwenzako anatakiwa kutoa nne tu ili akuone. Nani ataacha rundo zima kwa sababu ya njugu nne? Nyieka ndiyo kabisa hawezi. Toka tuanze kucheza sikuwahi kumwona akiacha. Hata akijua ameshindwa analipa, ili tu aone nilikuwa na nini. "Nimelipa, funua," ndiyo salamu yake.

Sasa mwaka huu macho yake yakaanza kuharibika, na hakutaka kusema.

Mimi nilijua wakati wa kupanda. Kwetu mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayeanza kutia mbegu ardhini, na wengine wanafuata. Nyieka hajawahi kunivunjia hiyo heshima, hata ile miaka tulikuwa hatusalimiani. Lakini mwaka huu nikiwa bado nakunywa uji nikasikia ameshapanda mistari miwili. Watu wakaanza maneno, eti amenidharau kwa sababu mume wetu hayupo. Nikawaambia wafunge midomo. Nikamwendea shambani. Akasema mimi nilishaanza kupanda, kwani si aliniona nikirudi na jembe na kibuyu cha mbegu? Aliyepita hapo ni jirani yetu, mwanamke mrefu kunishinda kwa kichwa kizima, na mwembamba. Sikubishana naye. Nilichukua mbegu nikapanda zangu.

Muuguzi wa kliniki yetu hapa Lambwe alipompima presha alimtazama pia macho, akasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, unatolewa Homa Bay, lakini asikawie. Nyieka akasema anaona vizuri. Huko soko la Oyugis aliambiwa kwamba daktari anatoa jicho lenyewe, analiweka kwenye sahani, analiosha, ndipo analirudisha. Nilimwambia huo ni upuzi. Akaniuliza nimeona macho mangapi yakioshwa. Nikimgusia tena, ananyamaza siku nzima. Na mimi naogopa ule unyamavu wake kuliko kelele zake. Ndani ya boma hili mtu wa kuzungumza naye ni yeye peke yake.

Basi Jumapili moja tukakaa barazani, jua bado liko juu. Nikapata karata mbili za jembe, zile nyeusi. Katikati zikafunuliwa jembe mbili na kingi mmoja mwekundu. Ilibaki jembe moja tu nipate tano za aina moja, na hizo zinashinda karibu kila kitu. Akaweka mbili, nikamwongezea, akalipa. Karata ya nne ilikuwa nyekundu, ndogo. Akapita, nikapita. Nilikuwa nimenunua ile ya bure. Ya mwisho ikaja: nyeusi, lakini ni maua. Sikuwa na kitu.

Nyieka akaiinamia. Akageuza kichwa hivi, kama kuku anayetazama mwewe. Kisha akaweka njugu zake nne.

Hapo mtu mwenye akili anatupa karata. Kumwongezea nyieka mwishoni ni kumpa njugu bure, hilo nalijua zaidi ya mtu yeyote. Nikakaa nikifikiri. Kama anaiona ile maua, atalipa, atanicheka, nami nitapoteza njugu na kulala vizuri. Kama haioni, kwake ni nyeusi tu, na nyeusi inaweza kuwa jembe. Nikaona bei si kubwa. Nikasukuma nane katikati.

"Nimeongeza," nikasema.

Hakusema nimelipa. Aliitazama ile karata, akanitazama mimi, akairudia. Mkono ukashika njugu nne, ukaziachilia. Kama angeniuliza tu, hiyo ni nini, ningemwambia. Lakini kuuliza ilikuwa ni kukubali. Nilitamani alipe. Nilimwomba Mungu alipe.

"Chukua," akasema. "Nimeacha."

Sikuzigusa zile njugu. Nikafunua karata zake, jambo ambalo haliruhusiwi, na hakunizuia. Alikuwa na kingi. Pamoja na yule wa katikati, ni wawili. Alikuwa amenishinda kabisa. Nikafunua zangu pia nikazisogeza karibu na uso wake.

"Ya mwisho ni maua, nyieka. Sina kitu."

Akazisoma polepole, pua karibu iguse. "Umeniibia."

"Nimekuibia."

"Mwizi mkubwa wewe. Na Jumapili." Kisha akashusha sauti. "Sikuiona. Ni ukungu tu. Hata uso wako siku hizi naujua kwa sauti."

Nikamvuta mkono nikaushika. Hatuna tabia hiyo, sisi. Akauacha mkononi mwangu.

"Tutaenda Jumanne," nikamwambia.

"Na kuku?"

"Kuku wana akili kukushinda."

"Utaingia na mimi? Huko ndani?"

"Nitaingia. Wakinikataza nitakaa mlangoni mpaka wachoke na mimi."

Kule Homa Bay walinikataza, na nilikaa mlangoni. Hakuna jicho lililowekwa kwenye sahani, nilimuuliza daktari mbele yake, akacheka mpaka akavua miwani. Kesho yake muuguzi akafungua bandeji. Nyieka akapepesa, machozi yakamtoka kidogo, akanitazama usoni muda mrefu. Nikaanza kuogopa.

"Kumbe hata nyusi zimeota mvi," akasema. "Lini ulizeeka hivi, mikayi, na hukuniambia?"

Nikamwambia avae viatu, gari la Rodi Kopany la kuturudisha nyumbani halitungojei. Akavaa, huku ananitazama tu.