Hema la Dada Pasi

Pale kwa dobi alikokuwa akifanya kazi walimwita Dada Pasi, na jina lilimkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Shati likipita mikononi mwake, mwenye shati aliogopa hata kukaa. Meza yake aliitumia pamoja na mwenzake mmoja ambaye kila mtu alimwita Redio, kwa kuwa akishafunguka asubuhi hazimiki mpaka jioni. Redio alikuwa na habari za kila nyumba, na pale habari zilipomwishia alitengeneza nyingine. Dada Pasi alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akacheka kimyakimya, pasi ikaenda na kurudi.

Juu ya meza yao kulikuwa na dari la zege lenye doa la maji. Doa likazaa ufa, na ufa ukazaa matawi. Walipomwambia msimamizi, aliinua uso mara moja tu, akasema, "Hilo dari mmelikuta hapa na mtaliacha hapa. Haliwezi kuanguka." Asubuhi moja, baada ya mvua za mfululizo, likaanguka.

Meza nzito ya kukunjia mashuka ndiyo iliyomwokoa Dada Pasi. Zege lilikwama juu yake, likamwachia uwazi mdogo, naye akalala chali humo, pua yake karibu iguse kile kilichokuwa dari. Hakuweza kugeuka. Redio alikuwa upande wa pili, haonekani, lakini anasikika. Aliongea. Aliongea kana kwamba wako mezani na chai imechelewa. Dada Pasi akawa anaitikia, "Enhe? Ikawaje?" kwa sababu aliona mwenzake akinyamaza itakuwa mambo yameharibika. Mchana, katikati ya hadithi moja, sauti ikakatika. Dada Pasi akaita "Enhe?" tena na tena. Waokoaji walimtoa akiwa na bega lililoteguka na vumbi hadi kwenye kope. Redio walimtoa baadaye, na hakuna aliyekimbia kuita gari la wagonjwa.

Bega lilipona. Usingizi haukupona.

Walikuwa wakiishi ghorofani, yeye, mumewe na binti yao, katika vyumba viwili ambavyo juu yake kulikuwa na vyumba vya watu wengine. Kila wa juu alipovuta kiti, Dada Pasi alikuwa tayari mlangoni. Akajaribu kulala varandani, napo kulikuwa na dari. Mwishowe akachukua shuka akashuka kwenye gari lao lililoegeshwa uani. Lilikuwa gari kuukuu la milango mitano, nalo lina paa pia, ila paa la bati unaloweza kulibonyeza kwa kidole. Humo alilala ameketi, shingo imepinda, miguu imevimba.

Mumewe alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mpole ambaye hata honi aliipiga kwa kuomba radhi. Usiku wa kwanza alimfuata garini. Wa pili pia. Ikawa ndiyo maisha, wakimwacha binti amejifungia juu na simu pembeni ya mto.

Wifi yake, yaani dada mkubwa wa Dereva, hakuweza kuvumilia. Alikuja Jumapili moja, akasimama kando ya gari, mkono kiunoni.

"Wifi yangu, mtu mzima na heshima zako unalala garini kama mlinzi? Watu wanasema mdogo wangu amekufukuza."

"Waache waseme, wifi."

"Nitawaacha mpaka lini? Wenzako waliokuwa mle ndani wako kwao, wanalala. Wewe umeamua kuufuga huu woga kama kuku."

Dada Pasi alijua wifi yake si mbaya, ulimi tu hauna breki. Lakini neno lile lilimwingia. Kuku hufugwa na anayemtaka.

Siku ya michezo shuleni kwa binti yao ndipo Dereva alipoona jambo. Wazazi walikuwa wameketi kwenye nyasi. Dada Pasi alijinyoosha kidogo kupumzisha mgongo, na kabla mbio za kupokezana vijiti hazijaanza, akawa amelala. Chali! Mkono umefunguka kwenye nyasi, mdomo wazi, mbingu tupu juu yake. Dereva alikaa kando yake akimfukuzia nzi, hakuona hata binti yake alishika nafasi ya ngapi.

Kesho yake akanunua hema. Hakuuliza mtu. Lilikuwa dogo, la umbo la kuba, limeandikwa kuwa ni la watu watatu, labda kama watu wenyewe ni sungura. Mwisho wa juma akawapakia mke na binti, wakaenda kwenye uwanja wa kambi kando ya ziwa dogo, mahali ambapo mtu aliruhusiwa kuegesha gari lake na kusimika hema ubavuni mwake.

Kuingia ilibidi watambae. Dada Pasi alitambaa, akalala, akaitazama nguo iliyokuwa karibu na uso wake. Akajikaza. Aliwaona wenyewe walivyokuwa wakimwangalia, baba na binti, kama watu wanaosubiri maji yachemke. Alasiri upepo ukashuka kutoka kilimani. Fito zile nyembamba zikainama, moja ikakatika, na hema zima likamlalia usoni.

Aliyoyafanya hakuyakumbuka baadaye. Aliambiwa. Aliambiwa kwamba alipiga kelele moja tu, kisha akachana wavu wa dirisha kwa kucha, akatokea hapo, akakimbia peku mpaka barabarani huku kiganja kinatoka damu. Watu wa mahema mengine walisimama na vikombe vyao mkononi. Binti alilia kwa aibu, kisha akalia kwa sababu ya ile aibu.

Wakati wa kurudi hakuna aliyewasha redio ya gari. Walipofika uani, Dereva alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Nilitaka kukusaidia, mama watoto. Nimekuzika mara ya pili."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa?"

Dada Pasi alikitazama kiganja chake kilichofungwa kitambaa. "Lile hukunichagulia. Ulikwenda kununua hema tu, lolote. Mimi ndiye ninayelala humo. Nipeleke nikachague mwenyewe."

Dereva aligeuka akamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu dari lianguke kumsikia mkewe akitaka kitu.

Duka la vifaa vya safari lilikuwa banda refu lenye paa la mabati, milango mipana imefunguliwa pande zote mbili. Dada Pasi alilikagua paa kwanza, ndipo akaingia. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwapeleka moja kwa moja kwenye mahema mepesi.

"Hili hapa, mama, unalibeba kwa mkono mmoja. Hata ukipanda nalo mlima, hulisikii mgongoni."

"Mlima sipandi. Tuna gari, litabeba uzito wowote. Nataka ninaloweza kusimama ndani."

"Kusimama?"

"Kusimama wima, nivae nguo kama mtu. Na nikilala, nikinyoosha mkono juu, nisiguse kitu."

Muuzaji alivaa miwani yake. Akawaonyesha lenye kuta zilizonyooka, kama kibanda cha nguo. Dada Pasi aliingia, akasimama, akainua mikono. Ilikuwa sawa. Lakini Dereva, ambaye safari hii alikuja na macho ya dereva, alishika nguzo ya pembeni akaitikisa, na hema lote likacheza kama jino bovu.

"Hili upepo ukipiga chafya tu, limekwenda," alisema.

La pili lilikuwa imara, lakini mlango mmoja tu, tena mwembamba. Dada Pasi alilikataa akiwa bado nje. La tatu lilikuwa kubwa, la turubai nene, na uzito wake hata watu wawili walilinyanyua kwa kuguna. Nguzo zake zilikuwa za chuma, zinaungana juu na kushuka mpaka chini pembe zote. Kamba za kulivutia zilikuwa nyingi na nene. Lilikuwa na milango miwili inayotazamana na madirisha ya wavu kila upande, na juu kabisa, chini ya kifuniko cha mvua, paa lenyewe lilikuwa la wavu. Ukikiondoa kifuniko, unaona mbingu.

Dada Pasi alipitisha vidole kwenye mishono. Alifungua zipu, akaifunga, akaifungua kwa mkono wa kushoto, akaifungua akiwa amefumba macho. Kisha akatoka akamwuliza muuzaji, "Likianguka, linaangukaje?"

"Hili? Hili haliwezi kuanguka, mama."

Dereva aliona uso wa mkewe ukikakamaa, akasogea. Lakini Dada Pasi alishamkaribia muuzaji.

"Neno hilo nilishaambiwa na mtu mwingine. Mwenzangu aliyeambiwa pamoja nami amezikwa. Sikuulizi kama linaanguka. Kila kilichosimamishwa kinaanguka. Nakuuliza linaangukaje, na mimi niko ndani."

Muuzaji alimtazama Dereva, akaona hapo hapana mzaha. Akavua miwani. "Kwa kweli sijui," alisema. "Sijawahi kuulizwa."

"Basi tuliangushe."

"Mama watoto," Dereva akasema kwa sauti ya chini, "twende nyumbani. Tutarudi siku nyingine."

"Simama kwenye mlango ule. Nikikuita, uvute zipu. Nisipokuita, usiguse."

Aliingia akalala chali sakafuni. Nje alisikia muuzaji akimwita mwenzake, akasikia vyuma vikichomolewa pembe moja, kisha nyingine. Moyo ulikuwa ukimpiga hadi kwenye meno. Akaona paa likilegea, likatulia kidogo, halafu likaja.

Lilimfunika lote. Giza, harufu ya turubai jipya, uzito kifuani. Mwili wake ulitaka kukimbia na haukujua upande. Akasikia ndani ya masikio yake sauti ya Redio ikiongea, ikaongea, na yeye mdomo ukafunguka, "Enhe?" Hakukuwa na jibu. Akaita tena.

"Niko hapa," Dereva alisema mlangoni, mkono umekamata zipu. "Nifungue?"

Dada Pasi aliinua mkono. Turubai likainuka nao. Zito, ndiyo, kama blanketi la sufu lililolowa, lakini likainuka. Akaupeleka mkono kushoto, likafuata. Akavuta magoti, likapanda. Ilikuwa nguo. Maisha yake yote alikuwa ameshika nguo, akizigeuza, akizikunja, akizitiisha kwa mvuke. Alilia humo ndani kwa muda. Watu wazima watatu walisimama nje wakitazama kichuguu kile cha turubai kikitikisika. Kisha akaanza kutambaa taratibu, akiisukuma nguo mbele ya uso wake, mpaka akaupata mlango, akafungua zipu mwenyewe.

"Tunachukua hili," alisema, nywele zimemsimama.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku ile. Walirudi ziwani, wakalisimika hema ubavuni mwa gari, Dereva akavigonga vigingi mpaka jirani akamwuliza kama anajenga daraja. Hata hivyo Dada Pasi alikesha mlangoni, akiangalia nguzo. Asubuhi alikuwa amechoka vibaya, na binti aliyekuwa ametarajia muujiza alinuna, hakunywa chai.

Mchana wake ndipo mvua ilipokuja. Upepo uleule wa kilimani ulishuka, mahema madogo ya majirani yakaanza kurukaruka, wenyewe wakiyakimbilia. La kwao liliguna, kamba zikakaza, likakaa. Wote watatu walikuwa ndani, wakisikiliza matone. Dada Pasi alijilaza chali bila kufikiri, kama mtu aliyeko kwake.

"Kulikuwa na msimamizi wetu," alisema ghafla, "alikuwa na meno ya bandia."

Baba na binti waligeuka. Tangu dari lianguke hakuwa amesimulia lolote la kazini.

"Redio alikuwa ananihadithia. Msimamizi aliyatumbukiza kwenye ndoo ya sabuni, akaona haya kusema, akawa anazunguka na mkono mdomoni akitaka ndoo zote zimwagwe. Sasa kuna mteja mmoja akaja kuchukua koti lake, akatia mkono mfukoni..."

"Ikawaje?" binti aliuliza.

"Sijui. Hapo ndipo aliponyamaza."

Aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na binti akajilaza kando yake akamshika mkono uliokuwa na kovu. Mvua ilipokatika alikuwa amelala. Alilala mpaka jua likazunguka upande wa pili, na baba na binti wakamchunga, wakinong'onezana kuhusu chakula.

Baada ya hapo waliihama ghorofa, wakapata nyumba ya chini yenye paa la bati jepesi. Hata humo alilala karibu na mlango, na akiingia popote bado aliinua uso kwanza. Wifi alikuja akaona, akafungua mdomo, akaufunga. Akasaidia kubeba masanduku.

Mtu mmoja Dada Pasi alikuwa amemkwepa tangu mazishi, mama yake Redio. Juma lile lile walilohama alivaa nguo iliyopigwa pasi vizuri, akaenda. Bi mkubwa yule alimkaribisha sebuleni, akamwona anavyolitazama dari, akachukua viti viwili akavitoa uani mwenyewe.

"Mwanangu," alisema wakishaketi, "sikutaka kukutafuta. Nilijua utakuja ukiweza. Uliyekuwa naye mwisho ni wewe. Alikuwa anasema nini?"

Dada Pasi, mtu wa maneno machache, akajiweka sawa kwenye kiti, akaanza na meno ya msimamizi.