Dalali Anayefunika Simu kwa Kofia

Dalali wa almasi anayekunywa uji kwa Mama Vaileth pale Maganzo huketi pembeni, mgongo ukutani, simu kaifunika kwa kofia. Zamani aliulizia dawa ya bawasiri mtandaoni, basi miezi mizima kila akiwasha simu akaletewa matangazo ya mafuta ya kupaka. Akahamia injini ya kutafutia isiyoweka kumbukumbu. "Hii haimjui mtu, mama," humtambia Mama Vaileth, mwenye simu ya tochi. Shida ni vidole vyake vinene, vilivyopasuka kwa chekeche la mchanga wa shimoni: haviandiki. Basi huinamia kofia na kuiuliza simu kwa mdomo, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chini ya shimo. Jana aliangaza kulia, akaangaza kushoto, akanguruma: "Almasi ya waridi, karati tatu, inauzwaje?" Vijiko vikasimama. Mbia wake, aliyekaa meza ya pili kampa mgongo, na ambaye asubuhi ileile alimwambia kwamba shimo lao halijatoa kitu, akageuka. "Jiwe lipi tena, bwana?" Dalali akaanza kufutafuta swali kwenye simu. Mama Vaileth akamsogezea mbia kiti. "Kaa, ng'wanawane, kaa mwanangu. Simu yake imeshasahau. Mimi nimesikia karati tatu."