Sarafu ya Bula Matari na Mlango wa Koko

Kabla sarafu ile haijatoka ardhini, hali ya kilima chetu, pembeni mwa Butembo, mashariki mwa Kongo, ilikuwa hivi. Ilikuwa miaka ya vita, na askari walikuwa wamekaa ndani ya shule yetu msimu mzima wa mvua. Walichoma madawati, kisha milango, na mwishowe ubao wenyewe, wakapikia maharagi yaliyotoka katika mashamba yetu. Kwenye barabara iendayo Beni waliweka bariere, yaani mti wa mkaratusi uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa jimbo la mbali, aliyeletwa kwetu na serikali ambayo baadaye ilisahau kumlipa. Alitufundisha katika kibanda cha kukaushia matofali, akiandika kwa kijiti juu ya udongo mbichi. Mvua ilipovuja, somo lilifutika kabla hatujalinakili. Nyuma ya kibanda hicho, kwenye mteremko, nyanya yangu alilima viazi. Sisi wajukuu tulimwita koko.

Nakueleza haya kwa utaratibu, rafiki yangu, kwa kuwa juma lililopita nilirudi kwenye kilima hicho, na sikukuta kitu cha kunisaidia kukumbuka isipokuwa kile nilichokuwa nacho mfukoni.

Mimi ndiye niliyeitoa sarafu ile ardhini. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujapanda, na kutoka jikoni kwa jirani ilikuja harufu ya samaki wakavu wa Kyavinyonge, kule ziwani. Jembe langu likagonga kitu kilichotoa mlio mwembamba, usio wa jiwe. Koko alikitemea mate, akakisugua kwa pindo la kitenge. Kilikuwa kipande cha shaba, kipana kuliko kifuniko cha chupa, chenye tundu katikati. Upande mmoja nyota ililizunguka tundu; upande wa pili kulikuwa na herufi zilizokingamana chini ya mataji madogo. Koko akakaa palepale kwenye tuta.

“Makuta ya Bula Matari,” akasema.

Makuta ni fedha; na Bula Matari, Mvunja Mawe, ndilo jina ambalo wazee waliita utawala wa wazungu, na baadaye serikali yoyote. Koko akanisimulia kwamba baba yake aliwahi kupoteza sarafu ya namna hiyo katika shamba hilohilo, siku chache kabla ya kodi. Askari wa kodi walimlaza chini wakampiga fimbo mbele ya wake zake, naye aliapa mpaka mwisho kwamba hakuificha. Kama ni sarafu ileile, mimi siwezi kuthibitisha, na kazi yangu ya uanahistoria hainiruhusu kudai nisichoweza kuthibitisha. Koko hakuhitaji uthibitisho. Aliitia kwenye kamba ya ufunguo wa nyumba, akaivaa shingoni pamoja na rozari.

Siku ya soko tulibeba viazi hadi bariere. Yakupasa kujua kwamba Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, walivaa hirizi shingoni, na kwamba askari walimshuku kila mwenye kitu cha kuning'inia. Askari mmoja kijana aliiona ile shaba.

“Hii ni nini, mama?”

“Makuta ya Bula Matari.”

“Bula Matari ni nani?”

“Mukubwa. Alitutawala zamani, na sasa angali anatutawala.”

Kijana akakaza bunduki. “Anajificha musitu gani?”

“Musitu?” Koko akamtazama kwa huruma. “Huyo hapana kujificha, mutoto wangu. Anakuyaka mwenyewe mpaka kwa mulango, na karatasi yake ya kodi. Hata weye uko mutumishi wake.”

Kwa kusema kweli namna hiyo alijitia mashakani. Walimkalisha kando ya pipa, wakamwita komanda. Wengine waliokalishwa kando ya pipa lile hawakurudi makwao, na sisi watoto tulilijua hilo. Niliutua mzigo, nikakimbia kumwita mwalimu.

Alikuja na udongo hadi kwenye viwiko. Hakubishana na mtu. Aliomba kalamu ya risasi na karatasi, akailaza karatasi juu ya shaba na kuisugua polepole, kama alivyotufundisha kunakili majani ya miti. Herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine. Katika mwaka wake, tarakimu moja na nane zilisomeka; mbili za mwisho zilikuwa zimeliwa na udongo.

“Soma weye mwenyewe, komanda.”

Komanda alisoma kwa sauti, kwa shida: “État... Indépendant... du Congo”, yaani Dola Huru ya Kongo.

“Donc, basi, ni feza. Feza ya kwanza ya Leta. Na huyo Bula Matari munamutafuta, ni Leta yenyewe,” akasema mwalimu, yaani serikali.

Askari mzee akamuuliza yule kijana kama alikuwa bado anataka kwenda kumkamata. Wakacheka wote, isipokuwa komanda.

“Basi, kitu ya Leta inarudia Leta. Mama, enda.” Akaifungua sarafu kwenye kamba, akaitia mfukoni.

Koko hakuinuka. “Leta ilipiga baba yangu sababu ya hii. Deni yake iliisha. Sasa ni yangu.”

“Mama, enda nyumbani.”

“Bila hii, hapana.” Akafungua kilemba, akakitandika chini, akakaa vizuri zaidi. Kisha akanigeukia. “Lete sufuria na kuni. Viazi iko. Tutapikia hapa.”

Malori ya Beni yalikuwa yamepangana hadi kwenye kona, na madereva walipiga honi na kucheka. Komanda akamtupia sarafu magotini.

“Beba Bula Matari wako.”

Jioni hiyo koko alimuuliza mwalimu alichokosa kuliko vyote. Akajibu: ubao. Kesho yake koko aliung'oa mlango wa nyumba yake. Mwalimu aliupaka unga mweusi wa betri kuukuu uliochanganywa na majani yaliyotwangwa, akaulaza kwa ubavu na kuukaza kwenye nguzo za kibanda. Juu, ambako kitasa kiling'olewa, lilibaki shimo pana lililomeza kichwa cha bulongi, yaani bolti ya kuukazia. Ilihitajika rondele, kisahani cha chuma chenye tundu, cha kukizuia. Koko akaivua sarafu kwenye kamba, akampa. Tundu lake lilitosha bulongi kama lililopimwa, na nyota ikatazama darasa. Komanda alipita pale kila siku, akaitambua, akaiacha.

Sasa pale kilipokuwa kibanda pamejengwa bohari ya saruji. Mteremko wa viazi umefunikwa na nyumba. Mwalimu alirudi jimboni kwake, na koko amezikwa parokiani. Mlango ulioza, sarafu niliifungua mwenyewe, na ndiyo iliyokuwa mfukoni mwangu. Vijana wa bohari waliniuliza natafuta nini, nikawaambia natafuta darasa langu.

Koko alilala katika nyumba isiyo na mlango hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Sisi tulifanya mitihani.